Ikoni za Pembeni mwa Saa: Kuzificha Siyo Kuziondoa

Kompyuta ninayoizungumzia iko kwenye steshenari moja ya Ngamiani, jijini Tanga, hatua chache kutoka soko la Mgandini. Ina Windows 7, ramu ya gigabaiti 2, na imeunganishwa na printa kubwa ya zamani ambayo mwenye duka hataki kuachana nayo kwa sababu wino wake anaupata kwa bei nafuu. Dada huyo aliniita kipindi cha fomu za kujiunga na kidato cha tano, foleni ya wanafunzi na wazazi imefika barazani.

"Fundi, hebu nifutie hivi vipicha vya huku chini," aliniambia akinionyesha pembe ya kulia ya kioo, kando ya saa. "Nimevihesabu, viko kumi na saba. Asubuhi nawasha mashine, naenda kununua vitumbua, narudi, bado haijakaa sawa."

"Nivifiche, nivizuie, au niviondoe kabisa, dada?"

"Kaka, si yale yale?"

Siyo yale yale. Nimekuta swali hilo kwenye maduka mengi, Makorora, Chumbageni, mpaka Pongwe, na kila mahali hasara ni moja: mtu anashinda saa nzima akibofya, mwambaa wa chini unabaki msafi, halafu kesho yake mashine inaamka nzito vilevile. Mwishowe kompyuta inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, ilhali ingeweza kuendelea kuchapa barua na vyeti miaka mingine kadhaa. Jambo hilo linaniuma, kwa kuwa mashine hizo zinalisha familia. Nitalieleza taratibu, nikianza na ikoni yenyewe ni kitu gani.

Ukifika kwenye nyumba ukakuta jozi saba za viatu kizingitini, unajua ndani kuna watu saba kabla hujapiga hodi. Viatu siyo watu, ni habari ya watu. Ikoni ya pembeni mwa saa ni kiatu cha namna hiyo. Programu yenyewe imekaa ndani, kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inakula nafasi yake na mara kwa mara inamsumbua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ukivisogeza viatu nyuma ya mlango, kizingiti kitapendeza, lakini wageni wote bado wamo sebuleni. Huko ndiko kuficha. Ukimuaga mgeni mmoja akaenda zake, na ana desturi ya kuja kila alfajiri, kesho utaviona viatu vyake tena. Huko ni kufunga programu. Ukimwambia asije mpaka aitwe, umemzuia. Na ukimhamisha mji kabisa, umemwondoa. Kazi nne tofauti, na Windows ina mahali tofauti pa kufanyia kila moja. Mkanganyiko wote unatokana na kwenda mahali pa kufichia ukitarajia matokeo ya kuzuia.

Kwa upande wa ufundi mambo yako hivi. Programu ikitaka ikoni yake ionekane, hupeleka ombi kwa Windows kupitia amri iitwayo Shell_NotifyIcon. Anayepokea ombi ni Explorer, programu ile ile inayochora mwambaa wa chini, kitufe cha Start na madirisha ya mafolda. Explorer huipanga picha pembeni mwa saa na kukumbuka kwamba ni mali ya dirisha fulani. Programu ikijifunga kwa utaratibu, hupeleka ombi la pili: ondoa picha yangu. Lakini ikifa ghafla haipati nafasi ya kuaga, na picha yake hubaki pale pale. Ukipitisha mausi juu yake, Explorer hutaka kumpelekea mwenyewe taarifa kwamba ameguswa, haimkuti, na hapo hapo huifuta. Nimeona watu wazima wakishtuka ikoni inapoyeyuka chini ya mausi, wakasema mashine imeingiliwa na virusi. Haijaingiliwa. Ni viatu vilivyoachwa na mtu aliyetokea mlango wa uani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji ufundi wowote: fungua kimshale kidogo kilicho kando ya saa ili zote zionekane, kisha pitisha mausi juu yake moja baada ya nyingine, polepole. Kwenye duka la Ngamiani zilifutika tatu. Zikabaki kumi na nne, na hizo ndizo zenye wenyewe.

Eneo hili lilikuja na Windows 95, mwezi wa Agosti 1995. Watu wengi wamezoea kuliita kwa Kiingereza system tray, yaani sinia la mfumo, lakini Raymond Chen, mhandisi wa miaka mingi wa Microsoft, ameeleza kwamba jina lake halali ni notification area, eneo la taarifa, na kwamba lile la sinia lilishika kutokana na faili iitwayo systray.exe, iliyokuwa ikiweka pale ikoni za sauti na betri. Mimi nalipenda jina la taarifa kwa kuwa linaeleza kazi yake. Pale ni mahali pa kuambiwa jambo: betri inaisha, karatasi imekwama, mtandao umekatika. Watengenezaji wa programu waliligeuza kuwa ukuta wa kubandika mabango yao. Kila printa, kila kadi ya sauti, kila programu ya muziki ikataka picha yake ionekane saa zote, hata kama haina jipya la kusema. Windows XP ya mwaka 2001 ikaleta kimshale cha kuficha zisizotumika. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaenda mbali zaidi: ikoni mpya inapoingia hupelekwa mafichoni moja kwa moja, mpaka wewe uivute nje. Kwa macho ni nafuu. Kwa mwenye mashine dhaifu, naona ilikuwa hasara, maana siku hizi nyumba inajaa wageni na kizingiti kiko kitupu.

Kuficha kwenyewe ni kazi ndogo. Kwenye XP, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya mwambaa wa chini mahali pasipo na kitu, chagua Properties, weka tiki kwenye kuficha ikoni zisizotumika, kisha Customize, na kila ikoni uipangie: ifichwe ikiwa imetulia, ifichwe daima, au ionekane daima. Kwenye Windows 7, bofya kimshale kisha Customize, nako utakuta chaguo tatu kwa kila ikoni: ionekane na taarifa zake, vyote vifichwe, au zionekane taarifa peke yake. Hilo la tatu ni zuri kuliko linavyotumika. Printa ya dada ilipewa hilo: picha yake haionekani, ila karatasi ikikwama maneno yanajitokeza.

Ikoni za sauti, mtandao, betri na ile bendera nyeupe zina utaratibu wa peke yake. Ni za Windows yenyewe, hazina programu ya pembeni ya kuifukuza. Huwashwa na kuzimwa chini ya dirisha hilo hilo la Customize, kwenye kiungo cha ikoni za mfumo. Kuzizima hakuongezi kasi yoyote, kwa hiyo usipoteze muda wako huko.

Kumjua mwenye viatu

Kabla ya kumzuia yeyote, mjue. Weka mausi juu ya ikoni bila kubofya, jina litatokea. Jina likikosekana au likiwa halieleweki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda kwenye orodha ya michakato, ubofye kitufe cha kuonyesha ya watumiaji wote. Kwenye Windows 7 kuna safu ya maelezo inayotaja programu kwa jina lake refu, na safu ya kumbukumbu inayoonyesha kila moja imeshika ramu kiasi gani. Ukibofya kitufe cha kulia juu ya jina, unaweza kuiambia ikufungulie folda yenye faili hiyo. Folda ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu jina la faili mtu yeyote anaweza kulitunga.

Kuna majina utakayokutana nayo karibu kila mara kwenye mashine za umri huo. igfxtray.exe ni ya kadi ya picha ya Intel, njia ya mkato tu ya kwenda kwenye mipangilio ya kioo. Ukiizuia, kioo kitaendelea kufanya kazi bila tatizo, kwa kuwa draiva, programu inayoendesha kadi yenyewe, iko kwingine. jusched.exe hukaa ikisubiri toleo jipya la Java. qttask.exe ni ya QuickTime, kicheza video. Zote hizo zinazuilika bila hasara. SynTPEnh.exe iache kama ni laptopu: ndiyo inayosimamia paneli ya kugusa, na ukiizuia mambo kama kusogeza ukurasa kwa kidole yanaweza kupotea. ctfmon.exe huwachosha wengi kwenye XP yenye Office ya zamani. Inahusika na lugha za kibodi, na ukiizuia kwa njia ya kawaida hurudi, kwa kuwa Office na huduma za lugha huiita upya. Kuimaliza inabidi upitie mipangilio ya lugha kwenye Control Panel. Ni programu ndogo sana. Mimi huiacha.

Sasa jambo ambalo nataka lieleweke vizuri kuliko mengine yote. Ikoni kutokuwepo siyo ushahidi kwamba programu haipo. Ombi la kuweka ikoni ni hiari. Programu inaweza kuishi kwenye ramu tangu mashine inawaka mpaka inazimwa bila kuweka picha hata moja, na virusi wanaokuja na flashi za wateja hawaweki picha. Steshenari inapokea flashi nyingi kwa siku, kutoka shule, ofisi na nyumba tofauti. Usipime usalama wa mashine kwa usafi wa pembe ya saa. Ukiona kwenye orodha svchost.exe, usiogope, Windows huwa nazo nyingi. Angalia folda tu: ya kweli iko kwenye System32 ndani ya folda ya Windows, au SysWOW64 kwa mashine za biti 64. Ikitokea kwenye folda ya mtumiaji au ya faili za muda, hapo una sababu ya kuwasha antivairasi na kuifanyia mashine uchunguzi kamili.

Milango minne

Programu inayojiwasha yenyewe asubuhi imeandikwa mahali. Mahali penyewe ni pengi, ndiyo maana watu hufunga mlango mmoja na mgeni akaingia kwa mwingine.

Mlango wa kwanza ni folda ya Startup, iliyo ndani ya menyu ya Start. Chochote kilichowekwa humo huwashwa unapoingia. Wa pili ni rejista, lile daftari kuu la mipangilio ya Windows, kwenye sehemu iitwayo Run, na kuna mbili za jina hilo: moja ya watumiaji wote, nyingine ya mtumiaji mmoja. Wa tatu ni huduma, programu zinazofanya kazi nyuma hata kabla hujaingiza neno la siri. Wa nne ni ratiba ya kazi, ambako programu huweza kujiandikia iamshwe kila siku saa fulani au kila mtu anapoingia.

Zana ya kuanzia inaitwa msconfig. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, kisha Enter. Kwenye kichupo cha Startup utaona yaliyomo kwenye milango miwili ya kwanza, kila moja na tiki yake. Ondoa tiki, kubali, washa mashine upya. Uzuri wa msconfig ni kwamba haifuti kitu. Inahamisha tu maandishi kwenda sehemu nyingine ya rejista, na ukirudisha tiki yanarudi yalipokuwa. Kwenye XP, baada ya kuwasha upya kitatokea kidirisha kinachosema umebadilisha namna ya kuwaka. Weka tiki ya kutokionyesha tena, basi. Kwa Windows 8 ya mwaka 2012 na zilizofuata, orodha hiyo imehamia Task Manager, kwenye kichupo cha jina hilo hilo.

Ila kabla ya msconfig, iulize programu yenyewe. Bofya kitufe cha kulia juu ya ikoni yake, tafuta mipangilio, na uangalie kama kuna tiki ya kuanza pamoja na Windows. Iondoe hapo. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa haraka, na najua foleni ikiwa ndefu haraka haikwepeki. Lakini programu nyingi, kila zinapofunguliwa, hukagua kama bado zimeandikwa kwenye rejista, na zikikuta hazimo hujiandika upya. Ukiwa umeondoa tiki ndani ya programu, yenyewe inajua kwamba ndivyo unavyotaka.

Kichupo cha huduma nacho kimo ndani ya msconfig. Kabla hujagusa chochote, weka tiki ya kuficha huduma zote za Microsoft, zibaki za wengine tu. Nasisitiza kwa sababu huko ndiko maduka yanakoharibikiwa. Huduma iitwayo Print Spooler ndiyo inayopokea kazi za kuchapa na kuzipanga foleni. Mtu akiizima kwa kudhani inapunguza mzigo, printa inakufa, na anaweza kuhangaika sana kabla ya kujua alikokosea. Vilevile usiguse kichupo cha Boot. Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba ukiingia humo ukachagua idadi ya prosesa mashine itakimbia zaidi. Windows hutumia prosesa zote bila kuambiwa. Sehemu ile ni ya majaribio, na ukiweka namba pungufu ndipo unapoipunguzia mashine nguvu.

Kwa kuona milango yote kwa pamoja kuna programu ya bure iitwayo Autoruns. Ilitengenezwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, na Microsoft ilinunua kampuni yao mwaka 2006. Inaonyesha kila mahali ambapo kitu kinaweza kujiwasha, na mistari ya njano huonyesha maandishi ambayo faili lake halipo tena: wageni waliohama mji wakaacha majina yao kwenye daftari. Orodha yake ni ndefu na inatisha mara ya kwanza. Tumia menyu yake kuficha vitu vya Microsoft, na uondoe tiki badala ya kufuta.

Mambo mawili ya kufanya kabla ya yote hayo. Tengeneza kwanza kituo cha kurejea kupitia System Restore, ili mambo yakiharibika uirudishe mashine ilikokuwa. Kisha chukua kaunta buku, andika kila ulichobadilisha na tarehe yake. Mashine ya duka hushikwa na watu wengi, na fundi atakayekuja baada yako, au wewe mwenyewe baada ya miezi minane, atahitaji kujua kwa nini kitu fulani hakiwaki.

Kwa programu ambayo mwenye duka hana haja nayo kabisa, kuizuia hakutoshi, iondoe. Control Panel, kisha Programs and Features kwa Windows 7, au Add or Remove Programs kwa XP. Usifute folda yake kwa mkono. Utabaki na maandishi kwenye rejista yanayoita faili lisilokuwepo, na kila asubuhi utapokelewa na kidirisha cha kosa.

Turudi Ngamiani. Kati ya zile kumi na nne, nne zilikuwa za Windows yenyewe: sauti, mtandao, bendera, na ile ya kuchomoa flashi kwa usalama. Mbili zilikuwa za printa, moja ikitoa habari za karatasi na nyingine ikikumbusha kununua wino. Sita zilikuwa vitu vya aina niliyoitaja: kadi ya picha, kadi ya sauti, msasishaji (programu inayosubiri matoleo mapya), kicheza video, modemu ya zamani ya intaneti ambayo haipo tena dukani, na programu ya maongezi isiyotumiwa na mtu. Nilizuia kile kikumbusho cha wino, mbili za kadi na yule msasishaji, nikaziondoa kabisa zile tatu zisizo na kazi.

Zilizobaki mbili zilikuwa antivairasi, na hapo ndipo nilipopata mzigo wenyewe. Mbili tofauti, zote zikilinda kwa wakati mmoja. Antivairasi hukagua kila faili linapofunguliwa. Zikiwa mbili, kila faili linakaguliwa mara mbili, na kila moja inaitilia shaka kazi ya mwenzake. Kwa mashine ya gigabaiti 2 hilo peke yake linatosha kuifanya isimame. Dada alikuwa ameongezewa ya pili na mtu aliyemwambia ulinzi ukizidi ni bora. Nikaondoa moja kwa zana ya kuondolea iliyotolewa na watengenezaji wake, kwa kuwa antivairasi nyingi huacha mabaki zikiondolewa kwa njia ya kawaida. Nyingine nikaiacha na ikoni yake ikionekana, hapohapo kando ya saa. Hii ni picha ambayo siifichi kwenye mashine ya mteja yeyote. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020, kwa hiyo mwenye mashine hizo anahitaji kuona kwa jicho moja kama mlinzi yuko macho.

Ya kuchomoa flashi nayo niliivuta nje. Dada aliiona haina maana. Nikamweleza kwamba Windows ikiwa bado inaandika kwenye flashi na mtu akaichomoa, faili la mteja linaweza kuharibika, na ikoni ile ndiyo inayosema kazi imekwisha.

Mashine iliyokuwa ikichukua dakika sita na nusu mpaka Word kufunguka ikawa inachukua mbili na kidogo. Ramu na prosesa ni zile zile.

Alinipigia simu wiki iliyofuata. "Fundi, kile cha wino kimerudi. Na kwenye ile orodha ya kuficha bado naona majina ya vitu ulivyovitoa."

La majina lilikuwa jepesi kulieleza. Windows huweka kumbukumbu ya kila ikoni iliyowahi kuonekana, hata programu ikishaondolewa. Kumbukumbu hiyo iko kwenye rejista, kwenye sehemu iitwayo TrayNotify, katika maandishi mawili: IconStreams na PastIconsStream. Kuyafuta ni salama, Windows huyatengeneza upya, ila mpangilio ni muhimu. Explorer hubeba nakala yake na kuiandika tena inapofungwa kwa utaratibu. Ukifuta kisha ukazima mashine kama kawaida, orodha inarudi yote, na utaapa kwamba hukufuta. Fungua kwanza regedit, programu ya kuhariri rejista inayofunguliwa kama msconfig, pamoja na Task Manager. Tafuta TrayNotify na uihifadhi nakala kwa Export. Kwenye Task Manager imalize explorer.exe. Mwambaa wa chini utatoweka, usiwe na wasiwasi. Sasa futa yale mawili, kisha kupitia menyu ya File ya Task Manager anzisha kazi mpya, andika explorer. Mwambaa unarudi na orodha ikiwa safi. Mipangilio yako ya kipi kionekane na kipi kifichwe nayo itakuwa imefutika, kwa hiyo ipange upya.

La ikoni kurudi linahitaji maelezo zaidi, na siyo jambo geni. Mwaka 2015 watumiaji wa Windows 7 waliona ikoni mpya pembeni mwa saa ikiwaalika kuhamia Windows 10. Ililetwa na sasisho namba KB3035583. Waliofunga programu yake waliiona tena walipowasha upya. Walioificha, ilibaki ndani. Njia iliyofaa ilikuwa kuliondoa sasisho lenyewe na kulificha lisipakuliwe tena. Ukiona ikoni inarudi baada ya kuizuia, acha kupambana nayo, mtafute anayeileta.

Nilirudi dukani jioni, foleni imekwisha. Kwenye msconfig tiki ya kikumbusho cha wino ilikuwa bado haipo, kama nilivyoiacha. Folda ya Startup tupu. Huduma sawa. Nikafungua Task Scheduler kupitia menyu ya Start, nikaingia kwenye maktaba yake, na hapo nikamkuta: kazi iliyoandikwa na programu ya printa, iamshwe kila baada ya siku saba, saa nne asubuhi. Wakati ule wa kwanza nilikuwa nimekagua milango mitatu, wa nne nikauacha. Nikaizima ile kazi bila kuifuta, nikaiandika kwenye kaunta buku chini ya mstari wa wiki iliyopita, na mbele ya dada nikachapa karatasi moja ya majaribio kuhakikisha printa haijadhurika.

Kando ya saa zilibaki nne: sauti, mtandao, ya flashi na antivairasi. Nyuma ya kimshale mbili, bendera na printa, na zote mbili anazijua kwa jina.